Kuhara damu kwa vifaranga

Kuhara damu kwa vifaranga (kitaalamu: koksidiosisi ya kuku) ni ugonjwa wa utumbo wa kuku wachanga unaosababishwa na vimelea vidogo sana vya jenasi Eimeria. Huwapata hasa vifaranga wenye umri wa wiki 3 hadi 6, na unaweza kuua sehemu kubwa ya kundi ndani ya wiki moja. Hupatikana popote duniani kuku wanapofugwa. Makala hii inaueleza kwa jumla, ikichukua mifano kutoka Mkoa wa Simiyu nchini Tanzania, yaani Bariadi na wilaya jirani za Itilima, Maswa, Meatu na Busega, ambako kuku chotara kama Kuroiler na Sasso hufugwa ndani ya banda kando ya kuku wa kienyeji wanaojitafutia chakula uani.

Mdondo (kideri) huletwa na virusi kutoka nje ya boma. Kuhara damu ni ugonjwa wa sakafu: kimelea chake hukomaa katika kinyesi chenye unyevu ndani ya banda lenyewe. Tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama dawa iliyonunuliwa itasaidia au fedha itapotea bure.

Jina

Neno koksidia, ambalo ni jina la jumla la vimelea hivi, lina asili ya Kigiriki, kokkos, maana yake punje. Jenasi Eimeria ilipewa jina kwa heshima ya mwanazoolojia Mjerumani Theodor Eimer (1843–1898). Wafugaji wengi husema "kuhara damu" tu. Jina hilo ni zuri kwa kukumbukwa, lakini linapotosha kidogo, kwa sababu baadhi ya spishi za Eimeria huua au hudumaza vifaranga bila tone la damu kuonekana kwenye kinyesi.

Kimelea na maisha yake

Eimeria ni kiumbe cha seli moja. Katika uainishaji wa viumbe yumo kwenye kundi la Apicomplexa pamoja na plasmodiamu anayeleta malaria, ila tofauti na ndugu yake huyo hahitaji mbu wala mdudu yeyote wa kumsafirisha. Kinyesi kinatosha.

Spishi zinazotambulika kwa kuku ni saba: Eimeria tenella, E. necatrix, E. acervulina, E. maxima, E. brunetti, E. mitis na E. praecox. Kila moja ina sehemu yake ya utumbo. E. tenella, iliyo maarufu kuliko zote, hukaa katika vifuko viwili vinavyochomoza pale utumbo mwembamba unapokutana na utumbo mpana. Ndiyo inayoleta damu nyekundu inayoonekana waziwazi. E. necatrix hushambulia sehemu ya kati ya utumbo mwembamba na ni hatari vilevile, lakini mara nyingi huwapata kuku wakubwa kidogo. E. acervulina hukaa mwanzoni mwa utumbo. Haiui sana, bali huzuia chakula kufyonzwa, na kifaranga hubaki mdogo huku akila kama wenzake.

Kila spishi ya mnyama ina koksidia zake. Mbuzi, ndama, sungura, hata mijusi wanazo, lakini za kuku haziwapati mbuzi, na za mbuzi haziwapati kuku. Eimeria wa kuku hamwambukizi binadamu.

Kuku aliyeambukizwa hutoa pamoja na kinyesi vijiyai visivyoonekana kwa macho, vinavyoitwa oosisti. Oosisti ya E. tenella ina urefu wa takriban mikromita 22, kwa hiyo zikipangwa 45 kwenye mstari zitafikia milimita moja. Inapotoka tumboni haina madhara. Ili ikomae inahitaji vitu vitatu: joto, hewa na unyevu. Katika joto la nyuzi 25 hadi 30, ambalo ni la kawaida Bariadi na ni la lazima ndani ya bruda ya vifaranga, hukomaa kwa siku moja hadi mbili. Ikikomaa huwa na vimelea vichanga vinane ndani yake, vikiwa tayari kuambukiza.

Kifaranga huokota oosisti anapodonoa sakafu, chakula kilichomwagika au maji yaliyochafuka. Firigisi husaga ganda lake, vimelea hutoka, huingia ndani ya seli za ukuta wa utumbo na kuanza kugawanyika. Kila seli iliyojaa hupasuka na kumwaga vimelea vinavyovamia seli nyingine. Baada ya mizunguko michache ya namna hiyo ukuta wa utumbo umechanika, damu inavuja, na oosisti mpya zinaanza kutoka na kinyesi. Tangu kumezwa hadi kutolewa kwa oosisti mpya hupita siku 4 hadi 7, kutegemea spishi. Oosisti moja iliyomezwa inaweza kuzaa maelfu kwa maelfu.

Hesabu hii ya siku inafaa kueleweka vizuri. Tuseme mvua imenyesha Jumatatu na paa limevuja, au chombo cha maji kimepinduka usiku. Matandazo yanalowa. Kufikia Jumatano oosisti zilizokuwamo zimekomaa, na vifaranga wanazidonoa. Damu itaonekana Jumatatu au Jumanne ya wiki inayofuata, wakati ambapo hakuna anayekumbuka tena habari ya chombo kilichopinduka. Siku hiyo kifaranga mmoja au wawili ndio watakaoonekana wamejikunyata, lakini wote waliolala juu ya sakafu ile wameshameza vimelea. Ndiyo maana hutibiwa kundi zima. Kuwatenga wagonjwa na kuwanywesha wao peke yao hakutoshi.

Kinga ya mwili

Kuku aliyeambukizwa kidogo akapona hupata kinga dhidi ya spishi ile ile. Kinga hiyo haimlindi dhidi ya spishi nyingine, kwa hiyo kundi lililopona E. tenella laweza kuugua tena kwa E. maxima au E. necatrix, na mfugaji akadhani dawa aliyouziwa ilikuwa bandia.

Hapa ndipo ilipo sababu ya jambo linalowashangaza wengi vijijini. Vifaranga wa kienyeji wanaozunguka na mama yao uani hawafi sana kwa kuhara damu, ingawa hakuna anayewapa dawa. Si kwamba hawana vimelea. Wanaokota oosisti chache leo, chache kesho, kwenye ardhi iliyotawanyika kinyesi na inayopigwa na jua, na mwili unajifunza polepole. Wanaokufa hufa zaidi kwa mdondo, mwewe na baridi. Vifaranga 100 wa chotara walionunuliwa wakiwa wa siku moja na kuwekwa katika chumba kimoja hawapati nafasi hiyo: hukaa wiki mbili kwenye sakafu safi bila kinga yoyote, kisha kinyesi kinapojaa wanameza dozi kubwa kwa mara moja. Shabaha ya mfugaji basi si kumaliza kila kimelea bandani, jambo lisilowezekana, bali kuvifanya viwe vichache.

Kuku wakubwa hubeba Eimeria bila kuugua na huendelea kutoa oosisti. Kuwalaza vifaranga wa bruda pamoja na mitetea wa zamani ni kuwapelekea ugonjwa.

Mazingira ya Simiyu

Simiyu ina mvua za miezi ya Novemba na Desemba na za Machi na Aprili, na kiangazi kirefu katikati ya mwaka. Ugonjwa huu hufuata unyevu. Lakini udongo nao una sehemu yake, na Wasukuma wana majina ya udongo yanayosaidia kulieleza jambo hili kuliko vitabu vingi. Luseni ni udongo wa kichanga wa sehemu za juu, ambao hupitisha maji haraka. Itogolo ni udongo wenye tabaka gumu chini yake, maji hayapenyi. Mbuga ni udongo mweusi wa mfinyanzi wa mabondeni, unaonata wakati wa mvua na kupasuka nyufa wakati wa kiangazi. Banda lenye sakafu ya udongo lililojengwa kwenye mbuga hupata unyevu kutoka chini hata kama paa halivuji, na matandazo yake hayakauki mpaka mvua ziishe. Anayeweza kuchagua mahali, na achague luseni. Asiyeweza hulazimika kuinua sakafu kwa kifusi au kusakafia kwa saruji.

Wakati mwingine banda hujaa kwa sababu ya fedha. Baada ya mauzo ya pamba kaya hununua vifaranga wengi kuliko nafasi iliyopo. Wakiwa na siku chache huonekana wametoshea, kwani kifaranga wa siku moja ni mdogo kama ngumi ya mtoto. Katika wiki ya tatu wanabanana, na wiki hiyo ndiyo Eimeria anayoisubiri. Kuku wa nyumbani mara nyingi ni mali ya kina mama na watoto, tofauti na ng'ombe, na fedha yake ndiyo ya daftari, chumvi na nauli ya kwenda zahanati. Kundi likifa, hakuna mwingine anayefidia.

Dalili

Kifaranga mgonjwa hujikunyata, hushusha mabawa, husimamisha manyoya kana kwamba anasikia baridi, na hujitenga au kusogea kwenye joto. Anaacha kula lakini anaendelea kunywa. Kishungi, miguu na ngozi hupauka kwa upungufu wa damu. Kinyesi huwa cha majimaji, chenye ute, rangi ya machungwa, au damu nyekundu tupu. Kwa E. tenella kutokwa damu huanza siku ya 4 au ya 5 baada ya kuambukizwa, na vifo vingi hutokea siku ya 5 na ya 6. Anayevuka siku ya 8 kwa kawaida hupona, ingawa ukuaji wake huchelewa.

Si kila rangi nyekundu au kahawia ni ugonjwa. Kuku mzima hutoa mara chache kwa siku kinyesi laini cha kahawia kinachonata kama uji wa ulezi. Hicho hutoka katika vile vifuko viwili vya utumbo na ni cha kawaida kabisa. Wafugaji wapya hukitilia shaka na kukimbilia dawa.

Aliyekufa akipasuliwa, vifuko hivyo huonekana vimevimba na kujaa damu nyeusi, au donge gumu kama jibini ikiwa ugonjwa ulichukua siku kadhaa. Katika E. necatrix utumbo mwembamba hufura, na juu ya ukuta wake huonekana madoa meupe na mekundu. Ofisa mifugo wa kata anaweza kuyaona haya kwa macho. Uthibitisho hufanywa kwa kuangalia kinyesi au mkwaruzo wa utumbo kwa hadubini. Wakala ya Maabara ya Veterinari Tanzania (TVLA) ina kituo cha Kanda ya Ziwa jijini Mwanza. Mizoga ifukiwe au ichomwe, isitupwe kwa mbwa.

Magonjwa yanayofananishwa nao

Mdondo huua kuku wa rika zote, huleta kinyesi cha kijani, kuhema kwa shida, kupooza na shingo kupinda. Chanjo yake haizuii kuhara damu. Ni vimelea tofauti kabisa, na mfugaji asiseme "hawa nimewachanja" akafunga mjadala. Gumboro huwapata vifaranga wa umri ule ule wa wiki 3 hadi 6, na ndio unaochanganya zaidi, lakini kinyesi chake ni cheupe cha majimaji, na kuku aliyepasuliwa huonyesha madoa ya damu kwenye misuli ya mapaja. Puloramu huanza mapema zaidi, katika wiki ya kwanza hadi ya tatu, na kinyesi cheupe hugandamana kwenye haja. Homa ya matumbo ya kuku, yenye kinyesi cha manjano na kijani, huwapata zaidi wakubwa.

Kosa lililoenea ni kuchukulia kila kuhara kuwa ni minyoo. Minyoo mikubwa ya utumbo, Ascaridia galli, huwapata kuku na huwadhoofisha, lakini huchukua wiki kadhaa kukomaa na haileti damu ghafla. Dawa za minyoo kama piperazini, levamisoli na albendazoli haziui koksidia. Vivyo hivyo oksitetrasaiklini, ile ya unga wa njano inayouzwa kila duka la pembejeo, hupambana na bakteria. Siku tatu zinazopotea kwa dawa isiyohusika ndizo siku tatu za vifo.

Matibabu

Kwa kuwa wagonjwa hawali bali wanakunywa, dawa huwekwa kwenye maji. Inayotumika sana ni amproliamu. Umbo lake la kikemia linafanana na vitamini B1, na kimelea kinapoichukua kwa kudhani ni vitamini hiyo, kinakosa lishe na kufa. Kutokana na hilo si busara kuchanganya unga wa vitamini wenye B1 nyingi katika maji yale yale siku za matibabu. Vitamini zitolewe baada ya dozi kuisha.

Kiasi kinachotumika ni miligramu 120 za amproliamu kwa kila lita ya maji kwa siku 3 hadi 5, au 240 ugonjwa ukiwa mkali, kisha miligramu 60 kwa wiki moja hadi mbili. Unga wa asilimia 20 una miligramu 200 za dawa katika kila gramu. Kwa hiyo lita moja inahitaji gramu 0.6, na ndoo ya lita 20 inahitaji gramu 12, au 24 kwa hali mbaya. Kuna unga wa nguvu nyingine, hivyo asilimia isomwe kwenye pakiti kabla ya kupiga hesabu. Maelekezo ya "kijiko kimoja" ni ya kuogopwa, maana vijiko havilingani: cha chai si cha mezani, na kilichojaa si kilichosawazishwa. Maji ya dawa hutengenezwa upya kila siku, na vifaranga wasiwe na maji mengine ya kunywa.

Dawa za salfa nazo huua koksidia, lakini zikizidishwa hudhuru figo na kusababisha kutoka damu zenyewe, jambo baya kwa mgonjwa wa ugonjwa huu. Toltrazurili ni kali na hutolewa kwa siku mbili tu, ila ni ghali zaidi, na haipewi kuku wanaotaga mayai ya kuliwa. Siku za kusubiri kabla ya kula nyama zimeandikwa kwenye lebo ya kila dawa.

Mwarobaini, shubiri mwitu na pilipili hutumiwa na wafugaji wengi. Huenda zikasaidia kwa kiasi, lakini hakuna kipimo kinachoaminika, na kundi linalotoka damu halina muda wa kujaribiwa.

Siku ile ile dawa inapoanza, matandazo yaliyolowa huondolewa na kuwekwa makavu. Bila hivyo vifaranga wanakunywa dawa kwa mdomo na kumeza oosisti kwa mdomo huo huo, na ugonjwa unarudi dozi inapokwisha. Kimelea hakikai tumboni milele. Kifaranga asiyemeza oosisti mpya huisha vimelea vyake mwenyewe.

Kuzuia

Matandazo ya maranda au pumba za mpunga yawe na kina cha sentimita 5 hadi 10 na yageuzwe mara kwa mara. Kipimo rahisi ni kushika gao la matandazo na kulikaza mkononi: yakibaki donge baada ya kuachia, yana maji mengi mno, yakisambaa, ni sawa. Sehemu inayolowa kwanza ni kuzunguka vyombo vya maji. Vyombo hivyo viinuliwe juu ya matofali au kuning'inizwa, ukingo wake ulingane na mgongo wa kuku, na vipandishwe kadiri kuku anavyokua. Nafasi iwe takriban vifaranga 20 kwa mita moja ya mraba hadi wiki 4, kisha 10. Baadhi ya wafugaji hujenga banda la kichanja lenye sakafu ya fito au waya ili kinyesi kidondoke chini. Kwa ugonjwa huu ni njia nzuri sana, mradi kilichodondoka kiondolewe.

Ganda la oosisti ni gumu. Klorini na dawa nyingi za kuulia vijidudu haziliwezi, na kwenye udongo wenye kivuli na unyevu oosisti huishi miezi mingi. Kinachoiua ni joto na ukavu. Kati ya kundi moja na jingine matandazo yote hutolewa, sakafu hukwanguliwa na kumwagiwa maji yanayochemka, kisha banda huachwa wazi likauke kwa wiki mbili au zaidi. Jua la Agosti la Meatu hufanya kazi hiyo bila malipo. Samadi irundikwe mbali na banda hadi ichemke. Rundo likifika nyuzi 55 oosisti hufa, na mbolea hufaa bustani.

Chanjo zipo, zimetengenezwa kwa oosisti hai chache. Ya kwanza ya kibiashara ilitolewa Marekani mwaka 1952. Wafugaji wadogo hutegemea zaidi usafi na dawa ya kinga inayochanganywa kwenye chakula. Chakula cha vifaranga cha kiwandani mara nyingi huwa nayo, na lebo husema. Kinachochanganywa nyumbani kwa mahindi, pumba, mashudu na dagaa wa Ziwa Viktoria hakina, kwa hiyo anayebadilisha kutoka cha kiwandani kwenda cha nyumbani katika wiki ya tatu ili kuokoa fedha anaiondoa kinga wakati inapohitajika zaidi.

Dawa nyingine za kinga katika chakula hicho, kama monensini na salinomaisini, ni sumu kwa farasi na punda hata kwa kiasi kidogo. Katika vijiji ambako punda hubeba maji na mizigo na kulala karibu na banda la kuku, mifuko ya chakula cha vifaranga ihifadhiwe ndani, na mabaki yasimwagwe mahali anapofungwa punda.